Asubuhi ya shule tunaimaliza jioni

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mwanangu wa kati alikwenda shule amevaa viatu viwili vya kushoto, kimoja chake na kingine cha kaka yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, simu yangu haina chaji, na mimi nilimvisha kwa kupapasa huku namhimiza, haya mama, haya, kengele itakukuta njiani. Kaka yake naye kumbe aliondoka na viwili vya kulia. Yeye, darasa la tatu wakati ule, aligundua wakifika kona ya msikiti, akanyamaza kwa kuogopa kuchelewa namba. Mdogo mtu hakugundua kitu mpaka wako mstarini, wenzake wakaanza kucheka. Mwalimu alipomwita ubaoni aandike silabi, akakataa kuinuka. Akaambiwa mkaidi. Mchana aliporudi nilimvua soksi nikakuta kidole gumba kimetoka lengelenge la ukubwa wa kifungo cha shati, ndipo nikajua ukaidi wenyewe ulikuwa nini.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Nashona sare, na kila Januari wazazi wanajaa kibarazani kwangu na vitambaa vyao vya bluu na vyeupe. Wakisubiri zamu wananiuliza, wewe wa kwako watatu unawamudu vipi? Nikikumbuka vile viatu nacheka. Lakini tangu siku ile nimebadilisha mambo mengi nyumbani, na haya ndiyo ninayowajibu, kwa kirefu kuliko ninavyoweza nikiwa na pini mdomoni. Wa kwanza wangu, mvulana, sasa yuko darasa la tano. Wa kati, msichana, la tatu. Kitinda mimba ndiye ameanza awali.

Jua letu linachelewa, basi tulitumie

Sisi wa Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, ila saa yetu na ya Dar es Salaam ni moja. Jua linatufikia karibu dakika 40 baada ya kuwafikia wao. Mwezi wa saba saa moja asubuhi inagonga jua halijatoka, na mtoto anatakiwa awe njiani. Kwa hiyo ushauri wa redioni wa "amka mapema umwandae mtoto" huku kwetu maana yake ni kumwandaa gizani. Gizani ndiko penseli zinakopotea, sweta zinakogeuzwa ndani nje, na viatu vinakobadilishana miguu.

Jua hilohilo, hata hivyo, linachelewa kuzama. Saa moja kasoro ya jioni mimi bado napenyeza uzi kwenye sindano barazani bila taa. Hapo ndipo nilipoihamishia asubuhi yetu. Watoto wakirudi chuo, yaani madrasa, kabla ya adhana ya Magharibi, kila kitu cha kesho kinakuwa kimekaa mahali pake. Asubuhi imebaki kunawa uso, kuvaa, kunywa uji na kutoka. Kwa wewe ambaye wanao hawaendi madrasa, una muda mwingi zaidi yangu, usiniambie hauna.

Mwaga begi lote

Tandika mkeka barazani. Kila mtoto alete begi lake, aligeuze juu chini, alikung'ute mpaka mshono wa mwisho. Usikubali "nimeshaangalia". Kwenye begi la binti yangu nimewahi kukuta kokwa tatu za embe, panzi mkavu, kichongeo cha mtoto wa watu, na barua ya kikao cha wazazi kilichokwisha fanyika siku tisa nyuma. Ile barua ndiyo iliyoniuma, maana kikaoni niliandikwa sikufika bila taarifa.

Vikishamwagwa, vinagawanywa mafungu matatu: cha kwenda kesho, cha kubaki nyumbani, na cha kutupa au kurudisha kwa mwenyewe. Halafu mtoto mwenyewe anarudisha begini kile cha kesho. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mimi mwaka mzima nilikosea. Nilikuwa nawapangia mimi. Mikono yangu ni miepesi, kazi zinanisubiri, kwa hiyo nilipakia mabegi matatu ndani ya dakika tano na kujiona mama hodari. Matokeo yake hakuna aliyejua daftari lake liko wapi. Mwalimu akisema toeni Hisabati, wangu wanachimba begi kama kuku. Siku nilipolazwa na homa, kaka mtu alikwenda shule na juzuu ya madrasa na kopo la sukari guru.

Sasa mimi nakaa kwenye kigoda nashona vifungo, wao wanapakia. Ninachofanya ni kuuliza tu. Wa awali napimia kiasi chake: ana vitu viwili vya kukumbuka, daftari na kikombe cha uji. Ukimpa vitano atakumbuka sifuri.

Rangi kabla ya herufi

Mtoto asiyejua kusoma hawezi kufuata ratiba iliyobandikwa ukutani hata ukiiandika kwa maandishi ya dhahabu. Mimi nina vipande vya vitambaa vingi kuliko chumvi, kwa hiyo nilishona kitambaa kirefu chenye mifuko mitano, Jumatatu mpaka Ijumaa, nikakitundika nyuma ya mlango. Kwenye kila mfuko nimetia vipande vya rangi: chekundu Hisabati, kijani Sayansi, njano Kiswahili, bluu Kiingereza, na kadhalika. Madaftari nayo nimeyavika jalada la kalenda ya mwaka uliopita, karatasi yake ni ngumu kuliko gazeti, na mgongoni nimegundisha kipande cha rangi ileile. Jioni mtoto anachomoa vipande vya mfuko wa kesho, anatafuta madaftari yanayofanana navyo, akimaliza anarudisha vipande mfukoni. Binti yangu alianza hivyo darasa la kwanza, wakati masomo yenyewe yalikuwa Kusoma, Kuandika, Kuhesabu na mengine machache. Siku hizi anasoma ratiba ya maandishi bila tabu, ila vitambaa hataki nivitoe.

Rangi za masomo ziwe za nyumba nzima. Mwanzoni niliwaachia kila mmoja achague, nikajikuta Hisabati ya huyu ni kijani na ya yule ni zambarau, mimi mwenyewe nikachanganyikiwa.

Kwa mali za mtoto natumia rangi kwa namna nyingine. Kila mmoja ana uzi wake: wa kwanza mweupe, wa kati mwekundu, mdogo wa chungwa. Nashona mishono mitano myembamba ndani ya kola, kwenye pindo la sweta, juu ya soksi, kwenye mkanda wa begi, na ndani ya ulimi wa kiatu. Mishono mitano, siyo jina. Jina la kalamu linafutika kwa sabuni mara tatu tu, na jina la kudarizi kwa nje linamfundisha mpita njia kumwita mwanao. Kama huna cherehani, sindano ya mkono inatosha. Ni kazi ya nusu saa kwa mtoto mmoja. Viatu vya kushoto vina mshono mmoja wa ziada kwa ndani, na mtoto anaupapasa kwa kidole hata kukiwa na giza totoro.

Kuhusu penseli nina msimamo wangu. Penseli nzima kwa mtoto wa awali ni mali ya darasa zima. Ikate katikati, nusu iende shule, nusu ibaki. Wembe wa kuchongea usimpe, hata kama wewe ulikua ukichongea wembe. Nimeona kidole cha mtoto wa jirani, inatosha. Kichongeo na ufutio nimevifunga kwa kamba fupi ndani ya kikoba cha jinzi, na kikoba chenyewe kimeshonewa begini kwa kitanzi. Tangu hapo sijanunua ufutio mwingine mwaka huu.

Mvua ni adui wa daftari. Zamani tulizoea kufunga madaftari kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, lakini ile ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na ni heri, maana ilikuwa imejaa mpaka ufukweni Kibirizi. Nimetia bitana ya kipande cha turubai ndani ya mabegi yote matatu. Fundi yeyote mtaani kwako atakufanyia hivyo. Mwambie asitoboe chini, mshono upite pembeni.

Sare: acha pindo la inchi nne kwenye sketi na kaptura, utaliteremsha mara mbili kabla ya kununua nyingine. Fua Jumatano na Ijumaa. Basi.

Vifungo kumi kwenye uzi

Mpangilio peke yake haumfundishi mtoto. Begi safi kabisa linaweza kubebwa na mtoto asiyejua 32 toa 17 ni ngapi, na nyumbani kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Binti yangu alikuwa anajua kutoa mpaka wakafika kwenye kukopa. Mwalimu ana darasa kubwa, amefundisha kwa njia yake, wengine wameelewa, yeye hakuelewa. Alikuwa anapindua: mbili toa saba haiwezekani, basi anafanya saba toa mbili, anaandika tano, halafu tatu toa moja mbili, jibu 25. Kila siku mkasi mwekundu wa kosa daftarini. Nikamwambia njoo hapa kwenye kopo la vifungo.

Tulitunga vifungo kumi kumi kwenye uzi, tukafunga fundo. Uzi mmoja ni kumi moja. Thelathini na mbili ni nyuzi tatu na vifungo viwili vilivyo huru. Nikamwambia, nataka kununua vifungo 17, nipe saba kwanza. Akatazama viwili vyake, akanitazama mimi. "Mama, havitoshi." Nikamuuliza, dukani kwa Mangi ukikosa chenji anafanyaje? "Anavunja noti." Akanyamaza kidogo, akachukua uzi mmoja, akaufungua fundo kwa meno. Vikawa vifungo 12 huru na nyuzi mbili. Akanipa saba, vikabaki vitano. Akanipa uzi mmoja, ukabaki mmoja. Kumi na tano. Tulifanya hivyo kila jioni kwa wiki moja na nusu, na siku ya nne hakuhitaji tena kufungua uzi, aligusa tu fundo. Ukikosa vifungo, vizibo vya soda au punje za mahindi zinafaa, ila punje hazitungiki, itabidi ufunge kumi kumi kwenye vitambaa.

Kwa herufi natumia chaki ya kushonea na kipande cha kitambaa cha sketi, kile cha bluu iliyokoza. Mdogo anaandika, anakung'uta, anaandika tena. Hamalizi daftari na haogopi kukosea, kwa sababu kosa linapangusika na kiganja.

Kusoma kwa sauti ni kazi ya bibi. Mama mkwe wangu ni Muha wa Kasulu, hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kila jioni mjukuu mmoja anamsomea ukurasa mmoja, halafu anamweleza kwa Kiha alichosoma. Mwanzoni nilifikiri namburudisha bibi. Kumbe hicho ndicho kipimo kikali kuliko mtihani. Mtoto anaweza kutiririsha sentensi kama maji bila kuelewa hata neno, lakini kitu usichokielewa huwezi kukigeuza Kiha. Akikwama, bibi anamwambia arudie tangu juu, na bibi hana haraka ya kwenda popote. Kama nyumbani kwenu mnaongea Kiswahili tupu, mwambie mtoto amsimulie mtu ambaye hakuwepo wakati anasoma.

Muda wenyewe usiwe mrefu. Wa awali dakika kumi, wa darasa la tatu ishirini au ishirini na tano, mkubwa nusu saa na kitu. Televisheni izimwe kabisa. Kupunguza sauti hakusaidii, macho yanakimbilia picha. Na kazi ya nyumbani usiifanye wewe. Nawajua wazazi wanaopata vema kumi kwa kumi darasa la pili wakiwa na miaka 38.

Sindano iliyonidanganya

Mwaka jana mkubwa alikuwa darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, na madaftari yake yakawa yanarudi nusu nusu. Sentensi inaanzia hewani, hesabu haina swali. Nilimgombeza sana. Nilisema mvivu, nilisema michezo ya ufukweni imemharibu. Kilichonifanya nisishuku kingine ni kwamba yeye ndiye anayenitungia sindano kukichwa, uzi unapita mara ya kwanza. Nikasema mwenye macho hayo atashindwaje kunakili?

Jioni moja tuko barazani, nikamuuliza ile bodaboda inayokuja ni ya nani. Akasema, "Bodaboda ipi?" Ilikuwa hatua kama hamsini. Tukaenda kupimwa macho hospitalini, wakatuambia karibu anaona vizuri, mbali haoni. Sindano iko karibu, ubao uko mbali. Alipopewa miwani, njiani kurudi alikuwa anasoma kila kibao kwa sauti, mpaka kondakta wa daladala akamwomba apumzike.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtoto mvivu, msimamishe mlangoni umwulize kilichoandikwa kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Jicho moja, kisha jingine, ukimziba kwa kiganja. Masikio nayo: simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Ukiona mashaka mpeleke akapimwe, usimpimie kwa fimbo.

Na mwalimu, nenda kamwone kabla hajakuita. Mimi huenda wiki ya pili ya muhula, asubuhi hapana, mchana wakati wadogo wanatoka. Simchukulii dakika tano. Namuuliza mambo matatu: mtoto anakaa wapi darasani, anamaliza kunakili, na anacheza na nani. Hilo la tatu linawashangaza, lakini mtoto asiye na mwenzake hana wa kumuuliza "tulipewa kazi gani?" Mwalimu akinijua sura, hata ile barua ya kikao hainipiti tena, anamwambia mtoto kabisa, mpe mama mkononi.

Tumbo na usingizi

Haya mafupi. Uji wa ulezi au kiporo cha ugali wa muhogo na dagaa vinamfikisha mtoto saa nne. Andazi na chai ya rangi vinamwacha saa tatu, na hapo ndipo anapoanza kumchokoza jirani yake. Maji ayabebe, chupa nayo ina mishono yake ya rangi kwenye kifuko.

Usingizi ndio unaotushinda watu wa huku kwa sababu mwanga unachelewa kuondoka na watoto wanajidanganya bado ni mchana. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za kulala, na wa miaka 3 hadi 5 saa 10 mpaka 13 ukihesabu na ule wa mchana. Piga hesabu kurudi nyuma: anaamka saa kumi na mbili, basi saa mbili na nusu usiku awe amelala, siyo ndiyo anaanza kutafuta kanga ya kujifunika. Simu yangu wakati huo iko juu ya kabati la vitambaa.

Likizo, na daftari la cherehani

Shule zikifungwa Juni na Desemba, mabegi yanafuliwa, yanaanikwa ndani nje, mishono inakaguliwa. Kisha nakusanya madaftari ya muhula. Kila moja lina karatasi nyeupe mwishoni, na kwa watoto watatu zinakuwa nyingi. Usizifungie vitumbua. Zichomoe taratibu pale kwenye pini, zipange karatasi kumi kumi, zikunje katikati, chini yake weka kipande cha jinzi kama jalada, halafu pitisha cherehani kwenye mkunjo. Hilo ni daftari la kuchorachora na kufanyia mazoezi likizo nzima.

Ila tumia sindano nene, namba 16 au 18, na weka mshono mrefu kuliko wote mashine yako inaoutoa. Mshono mfupi unaitoboa karatasi matundu ya karibu karibu, nayo itachanika palepale kama stempu. Daftari langu la kwanza lilidumu siku mbili. Na sindano iliyoshona karatasi inakuwa butu, usiirudishe kwenye kitambaa cha mteja. Yangu nimeichomeka peke yake kwenye kifuniko cha droo, na nimeifunga uzi mweusi.